Chuya moja katika magunia sitini

Anayechambua mchele anaijua kazi hii: unamwaga kilo mbili kwenye ungo, unapepeta, unatoa chuya na vijiwe, basi. Sasa fikiria shehena ya magunia kama sitini ya kilo mia mia, yenye chuya moja tu. Anatokea mtu ambaye hajafungua hata gunia moja, anakwambia: "Kila shehena ya namna hii ina moja. Ukizidi kukuta mbili mbili, jua kuna mchele wa shamba jingine umechanganywa humo."

Kwa wanafizikia wa nadharia, hiyo ndiyo kazi ya kila siku. Mchele wao ni chembe iitwayo mesoni ya Bs.

Protoni na nyutroni zimeundwa kwa kwaki tatu tatu. Mesoni huwa na kwaki moja na kwaki kinzani moja. Katika Bs, moja ni ya aina nzito iitwayo botomu na nyingine ni ya aina ya strenji. Uzito wake ni zaidi ya mara tano ya protoni, na haidumu: huishi kwa wastani wa sekunde moja na nusu ukigawa kwa trilioni, kisha huvunjika kuwa chembe nyepesi. Njia za kuvunjika ni nyingi mno. Inayotafutwa ni ile ya kutoa myuoni mbili tu, moja chanya na moja hasi. Myuoni ni ndugu mzito wa elektroni. Kwa hesabu za nadharia inayotumika leo, Modeli Sanifu, hilo hutokea mara 3.66 katika kila mesoni bilioni moja, na kosa linalokadiriwa ni 0.14. Yaani ni mara moja katika mesoni milioni 270 hivi.

Kwa nini iwe nadra kiasi hicho? Kwanza, botomu hairuhusiwi kugeuka strenji moja kwa moja. Sharti izunguke kwa kuazima, kwa kitambo kisichopimika, chembe nzito kama bosoni za W na kwaki ya topu, na kila mzunguko hupunguza uwezekano. Pili, Bs yenyewe haizunguki kama pia, kwa hiyo mizunguko ya zile myuoni mbili lazima ifutane, na mpangilio huo karibu wote umekatazwa na nguvu dhaifu ya asili. Upenyo uliobaki unatokana na uzito mdogo wa myuoni.

Faida ya unadra huu ipo hapo hapo. Chembe ambayo ni nzito kupita uwezo wa mtambo wowote inaweza nayo kuazimwa katika mzunguko ule. Kwenye njia zenye msongamano mchango wake ungemezwa. Kwenye njia iliyo karibu kufungwa, nyayo zake zingeonekana.

Mbinu hii iliwahi kuzaa matunda. Mwaka 1970 Sheldon Glashow, John Iliopoulos na Luciano Maiani walijiuliza kwa nini mesoni nyepesi ya kaoni hutoa myuoni mbili mara chache mno kuliko hesabu za wakati ule zilivyodai. Jibu lao: ipo kwaki ya nne, inayofuta mchango wa wenzake. Novemba 1974 maabara mbili za Marekani, Brookhaven na SLAC, zilitangaza chembe iliyobeba kwaki hiyo, ya chamu. Upungufu wa chuya ndio uliokuwa umeifichua.

Kuisaka njia ya Bs kulianza miaka ya 1980. Jibu lilipatikana CERN, kwenye mtambo wa LHC, pete ya kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, ambako mafungu ya protoni hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Bs huruka kama sentimita moja kabla ya kuvunjika, na sentimita hiyo huwa alama yake. Myuoni hupenya kuta za chuma zinazozuia karibu chembe nyingine zote. Kundi la LHCb lilitangaza dalili za kwanza mwaka 2012, na mwaka 2015 likathibitisha pamoja na kundi la CMS. Wastani wa vipimo sasa ni kama 3.3 kwa bilioni, kosa likiwa karibu 0.3. Utabiri umesimama, na nadharia kadhaa mpya zilizodai idadi kubwa zaidi zimebanwa.

Uchambuzi huu hautaki pupa. Machi 2021 LHCb walitangaza kwamba, katika mpasuko mwingine wa mesoni ya B, jozi za myuoni zilikuwa chache kuliko za elektroni, ilhali nadharia inataka zilingane. Dunia ikachangamka. Desemba 2022 walirudia uchambuzi, wakakuta chembe nyingine zilikuwa zimehesabiwa kama elektroni. Tofauti ikayeyuka.

Imebaki ndugu ya Bs, mesoni ya B0, ambayo kwa hesabu hutoa myuoni mbili mara moja katika bilioni kumi. Kwa mchele wetu ni magunia zaidi ya elfu mbili. Haijathibitishwa bado, na ungo haujatuliwa chini.