Viendelezi vya Faili katika Vyombo vya Michezo vya Mkononi

Katika pwani ya Kilwa na Lindi jina la mwanachuoni huenda likamalizikia kwa nisba, kama al-Kilwi, ili ajulikane atokako. Kiendelezi cha faili, yaani herufi chache zifuatazo nukta, ni nisba ya namna hiyo: chaitaja asili, hakiiumbi. Aliyefuta nisba ya Kilwa akaandika ya Mombasa hajamhamisha mtu.

Tutazame chombo cha PlayStation Portable, kilichotolewa na Sony huko Japani Desemba 2004. Mchezo ulionakiliwa kutoka katika kisahani chake huwa .ISO, ukibanwa,.CSO. Utata umo katika .PBP. Programu dhibiti, ikaayo katika kumbukumbu ya ndani na kukiamsha chombo, huletwa katika faili iitwayo EBOOT.PBP, na michezo mingine huja kwa jina lilo hilo. Kinachozitenga ni folda, kwani ile ya programu dhibiti huwekwa katika PSP/GAME/UPDATE. Tena herufi PBP zimo katika baiti za mwanzo za faili yenyewe, wala kulibadili jina hakuzigusi.

Mchezo ulioharibika haufunguki, basi. Programu dhibiti ni jambo jingine: umeme ukikatika inapoandikwa, chombo chaweza kufa, na kijana wa Mitwero aliyekinunua kimekwisha tumika akabaki mikono mitupu. Ndiyo sababu hutakiwa betri ijazwe na waya wa umeme uchomekwe. Waingereza husema chombo hicho kimekuwa tofali. Kigae chafaa zaidi, maana tofali hujenga.