Kuongeza Makalio: Hatari Hujulikana Kabla ya Kisu

Anayefikiria upasuaji wa urembo kwa kawaida huanza na maswali mawili: nitapendeza kiasi gani, na bei ni ngapi? Yote mawili ni ya haki, ila hakuna hata moja linalomlinda. Usalama wake hutegemea mambo ambayo matangazo ya kliniki hayayataji, na mengi huamuliwa kabla hajalala mezani. Ushahidi ulio wazi unatokana na upasuaji wa kuongeza makalio kwa mafuta ya mwili wa mtu mwenyewe, unaotafutwa Miami na Istanbul, na sasa hata na wateja wa miji yetu.

Daktari hunyonya mafuta tumboni, kiunoni au mapajani kwa mrija, huyasafisha, kisha huyadunga kwenye makalio. Yakikaa kati ya ngozi na msuli, sehemu yake hupata damu na kuishi, na sehemu nyingine hufyonzwa na mwili. Lakini ndani ya msuli wa kalio na chini yake hupita vena nene. Mrija ukizama humo na kuchana vena, mafuta huingia kwenye damu, hufika moyoni na kuziba mishipa ya mapafu. Mgonjwa anaweza kufa akiwa bado katika chumba cha upasuaji, na hakuna dawa ya kuyayeyusha mafuta hayo. Mwaka 2017, kikosi kazi cha madaktari wa upasuaji wa urembo nchini Marekani kilikadiria kwamba vifo huenda vinafikia kimoja kwa kila upasuaji 3,000 hivi, kiwango kikubwa mno kwa tiba ambayo mtu huiendea akiwa mzima. Maiti zilipochunguzwa, mafuta yalikutwa ndani ya msuli au chini yake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mafuta chini ya ngozi pekee.

Kujua chanzo hakukutosha kuzuia vifo. Jimbo la Florida lilipiga marufuku kudunga mafuta ndani ya msuli mwaka 2019, lakini wagonjwa waliendelea kufa. Watafiti walihesabu vifo 25 kusini mwa jimbo hilo kati ya 2010 na 2022, vingi vikiwa katika kliniki za bei nafuu zinazopokea wateja wengi kwa siku. Ndipo mwaka 2022 jimbo likaagiza daktari asifanye upasuaji wa aina hiyo zaidi ya mara tatu kwa siku, na atumie mashine ya ultrasaundi kuona ncha ya mrija ilipo. Hapo ndipo penye funzo: mwili wa mgonjwa ni ule ule, lakini haraka, uchovu na kudunga bila kuona huongeza hatari.

Wapo watakaosema kila upasuaji una hatari yake, hata wa kujifungua. Ni kweli, lakini upasuaji wa kujifungua hufanywa kuokoa mama au mtoto; huu hauokoi maisha, kwa hiyo hatari tunayoweza kuikubali ni ndogo zaidi. Tena hatari hii hupunguzika. Uingereza, chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo kiliwashauri wanachama wake mwaka 2018 waache kabisa kuongeza makalio kwa njia hii. Mwaka 2022 kiliruhusu tena upasuaji huo, kwa sharti kwamba mafuta yabaki juu ya msuli na ultrasaundi itumike. Wengine watasema mwili ni wao. Naam, ni wao, na ndiyo maana wana haki ya kuambiwa ukweli wote; uamuzi uliojengwa juu ya picha za kabla na baada pekee si uamuzi huru.

Basi mteja aulize bila haya. Je, daktari huyu ni bingwa wa upasuaji rekebishi, na jina lake limo katika rejista ya baraza la madaktari la nchi? Nani hasa atakayedunga mafuta, na atauonaje mrija? Leo atafanya upasuaji mara ngapi? Daktari wa usingizi atakuwepo mwanzo hadi mwisho? Pumzi ikikatika, hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi iko umbali gani? Mteja naye aseme yake yote: sigara, ambayo hubana mishipa midogo na kuchelewesha vidonda kupona, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, vinavyoongeza hatari ya damu kuganda, na makovu yanayovimba, ambayo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Anayesafiri nje ya nchi akumbuke kwamba kukaa saa nyingi kwenye ndege muda mfupi baada ya upasuaji huongeza hatari hiyo hiyo ya damu kuganda, na kwamba kidonda kikioza akiwa nyumbani, aliyempasua yuko mbali.

Kliniki inayokerwa na maswali haya imekwisha kujibu. Bei ya chini ikitokana na kuharakisha kazi, kumwacha daktari wa usingizi au kudunga bila kuona, mteja ndiye anayelipia upungufu huo kwa mwili wake. Kutamani umbo jingine si kosa. Kosa ni la anayeuza umbo hilo huku akificha gharama yake.