Simu ya Askari Aliye Mwendoni

Katika nchi jirani simu ya mkononi imekwisha kuwa chombo cha safari. Mafundi wanaobuni programu za simu wamelazimika kumfikiria mtu aliye njiani: mkono mmoja umeshika mzigo, macho yako barabarani, na mtandao hukatika mara kwa mara. Mtu huyo hana nafasi ya kujibu maswali mengi. Kwa hiyo programu inayomfaa ni ile inayouliza machache na kujifanyia mengi yenyewe.

Nchini Kenya, huduma ya M-Pesa iliyoanzishwa mwaka 2007 haikudai simu ya gharama wala intaneti. Mfanyakazi wa Nairobi aliweza kutuma fedha kijijini kwa kubonyeza vitufe vichache, hata akiwa amesimama kituoni akingoja basi. Uganda nayo ilipiga hatua nyingine. Huduma ya SafeBoda, iliyoanza Kampala mwaka 2014, ilimpunguzia abiria kazi ya kueleza mahali alipo. Simu yenyewe hupokea mawimbi ya setilaiti, hutambua mahali ilipo, kisha dereva wa pikipiki huelekezwa huko.

Manufaa hayo hayana ubishi. Hata hivyo, kwa wanajeshi na polisi liko jambo la kutafakari. Simu inayojua mahali alipo abiria inajua vilevile mahali alipo askari. Na programu iliyobuniwa isimsumbue msafiri kwa maswali haitamuuliza askari kama yuko lindoni.

Ushahidi wa jambo hilo ulionekana hata katika Pembe ya Afrika. Kampuni ya Strava ya Marekani hutengeneza programu ya wakimbiaji na waendesha baiskeli. Mkimbiaji hubonyeza mara moja, huanza mbio, na njia yake yote huandikwa mpaka amalize. Novemba 2017 kampuni hiyo ilitoa ramani ya dunia iliyojumlisha mazoezi zaidi ya bilioni 1. Ramani haikutaja jina la mtu yeyote. Lakini Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia alitanabahisha kuwa ilikuwa ikionyesha kambi za kijeshi. Mijini, njia za watu wengi zilichanganyika. Jangwani, ambako karibu wote waliotumia programu hiyo walikuwa askari wa kigeni, mistari ya mwanga ilichora njia walizozoea kupita. Hayo yalionekana Syria na Afghanistan, na pia katika kambi ya Marekani ya Lemonnier, nchini Djibouti.

Hapakuwa na jasusi aliyepenya wala nyaraka iliyoibwa. Askari wenyewe walikuwa wakifanya mazoezi ya asubuhi. Agosti 2018 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya huduma za kutambua mahali katika maeneo ya operesheni.

Fundisho si kuitupa simu. Fundisho ni kwamba swali ambalo programu haiulizi, sharti askari ajiulize mwenyewe kabla ya kwenda doria: ni programu zipi zimeruhusiwa kujua mahali alipo, na nani mwingine anaona? Ruhusa isiyo ya lazima ifungwe, na pale amri inapotaka simu ibaki, ibaki. Nyayo za mchangani hufutwa na upepo. Za simu hudumu.