Simu, kileo na usukani: Hatari inayowaandama madereva chipukizi

KIJANA wa Kenya anapotimiza umri wa miaka 18, sheria humfungulia milango miwili kwa siku moja. Anaweza kupewa leseni ya kuendesha gari, na anaweza kuingia baa akanunua kileo. Sera ya serikali iliyozinduliwa mwaka 2025 ilipendekeza umri wa kunywa uongezwe hadi miaka 21, lakini pendekezo la sera si sheria.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wengi zaidi wa umri wa kati ya miaka 5 na 29. Hapa nchini, zaidi ya watu 4,700 waliangamia barabarani mwaka 2024.

Ni rahisi kulaumu ujeuri wa ujana. Hata hivyo, kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Dereva mzoefu hubadilisha gia na kutazama vioo bila kufikiri, hivyo akili yake hubaki huru kumwona mtoto anayekaribia kuvuka. Chipukizi hana akiba hiyo. Kila analolifanya garini hulifanya kwa kukusudia, na chochote kinachomega sehemu ya akili yake, uwe ujumbe wa simu, kicheko cha marafiki walioketi nyuma au chupa moja ya bia, humega sehemu ambayo hakuwa nayo ya ziada.

Tuanze na simu. Gari linalokwenda kasi ya kilomita 80 kwa saa husonga mita 22 kila sekunde. Anayeinamia ujumbe kwa sekunde tano tu huwa amepita mita 110, zaidi ya urefu wa uwanja wa kandanda, macho yakiwa mapajani. WHO inakadiria kwamba anayetumia simu akiendesha huwa katika hatari ya kupata ajali mara nne zaidi. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa kosa hilo.

Wapo wanaodhani kwamba vipaza sauti vya masikioni vimetatua jambo. La hasha. Mwandishi huyu amewahi kubebwa na mwanabodaboda aliyechomeka simu ndani ya helmeti yake. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, naam, lakini akili ilikuwa kwa mteja mwingine aliyekuwa akibishania nauli, na matuta mawili tuliyaruka kana kwamba hayakuwepo.

Kuhusu pombe, hesabu ndiyo inayowaponza wengi. Chupa ya kawaida ya bia, ya mililita 500, huhitaji takriban saa mbili kumalizwa na ini. Kahawa, maji baridi ya kuoga na supu ya mbuzi haviharakishi kazi hiyo hata kwa dakika moja. Kijana aliyeanza kunywa saa nne usiku wa Jumamosi akamaliza chupa tano kufikia saa saba, huenda akawa na pombe mwilini hadi saa mbili asubuhi. Akiamka saa kumi na mbili kumpeleka mamake ibadani, yeye hujiona mzima. Hayumbi wala hanuki. Lakini mguu wake huchelewa kukanyaga breki.

Kenya iliweka kiwango cha mikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi, sawa na gramu 0.08 katika desilita ya damu. WHO hupendekeza 0.05 kwa madereva wa kawaida na 0.02 kwa vijana na wanagenzi, yaani karibu sufuri. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilifutilia mbali kanuni za kifaa cha kupima ulevi, maarufu Alcoblow, kwa msingi kwamba zilikwenda kinyume na Sheria ya Trafiki yenyewe. Ingawa vifaa hivyo vimerejea barabarani, polisi hawawezi kuwa katika kila mzunguko saa tisa usiku.

Hapo ndipo mzazi anapoingia, na kwa maoni yangu wazazi wengi hukabidhi ufunguo mapema mno na bila masharti. New Zealand ilianza mwaka 1987 kutoa leseni kwa awamu, ambapo mwanagenzi huzuiwa kwa muda kuendesha peke yake usiku au kubeba marafiki. Hapa kwetu hakuna sheria inayomzuia mwenye gari kuweka masharti kama hayo nyumbani mwake: miezi sita ya kwanza arejee kabla ya saa mbili usiku, abebe jamaa wala si kundi la marafiki, na simu ikae ndani ya mkoba, kiti cha nyuma, ikiwa imezimwa.

Sharti moja zaidi lisemwe wazi kabla ya kijana kuondoka: akipiga simu usiku wa manane kusema amekunywa, atafuatwa au atalipiwa teksi, na maswali yangoje hadi kesho yake. Anayehofia kugombezwa ndiye atakayejaribu kulirudisha gari nyumbani kimyakimya.