SHIKA MWISHO, UIMBE: Muchezo wa Nyimbo wa Wajapani

Hebu fikiri kidogo pamoja nasi. Watu wanne wameikaa ndani ya chumba kimoja. Wa kwanza anaimba wimbo ambao jina lake linaisha na «shi». Wa pili hana ruhusa ya kuimba tu kile anachopenda: anapaswa kutafuta wimbo ambao jina lake linaanza na «shi». Akimaliza, anayemufwata anashika naye mwisho wa jina lile. Anayekosa wimbo, ametoka. Utasema: muchezo wa watoto! Ngoja kwanza.

Wajapani wanauita shiritori, ni kusema «kushika mwisho». (Neno shiri kwao ni vilevile fasi ya mwili tunayoikalia, na watoto wa kule wanacheka juu yake sawa vile wa kwetu wangecheka.) Walikuwa wanaucheza na maneno tu, mama na mutoto wake ndani ya treni, ao wanafunzi njiani. Karaoke ilipofika, wakaanza kuucheza na majina ya nyimbo.

Karaoke wengi wetu tumeiona: mashini inapiga muziki, maneno yanapita kwenye televizyo, na wewe unashika mikro. Kara ni tupu, oke ni kifupi cha orkestra. Orkestra tupu, inayongojea sauti yako. Mupiga muziki mumoja wa Kobe, Inoue Daisuke, aliunda mashini 11 mwaka 1971 akazikodisha kwa mabare. Mwenzake wa Tokyo, Negishi Shigeichi, alikuwa amekwisha kuunda ya kwake mwaka 1967. Lakini katikati ya miaka ya 80 ndipo jambo kubwa lilitokea. Ku Okayama watu walichukua kontenere za zamani za kubebea mizigo, wakazifanya kuwa vyumba vidogo vya kuimbia. Hivyo njo karaoke ilitoka ku pombe ya mabare, ikaingia kwa jamaa: baba, mama, watoto, hata kambo.

Sisi wa Katanga, Wajapani hatukuanza kuwasikia leo. Kampuni Nippon Mining njo iliongoza kazi ya shaba ku Musoshi, karibu na mupaka wa Zambia, na shimo lile lilianza kutoa shaba mwaka 1972. Basi haifai tuzungumuze juu ya nyimbo zao pasipo kutaja ule wa wachimbaji wenzetu, Tankō Bushi, wimbo wa shimo la makaa. Ulitoka Tagawa, ku kisanga cha Kyūshū. Wanaucheza kwa duara katika sikukuu ya Bon, wakati wanapokumbuka wafu wao: mikono inachimba, inachimba tena, inatupa muzigo ku bega, inasukuma wagoni. Mashimo ya kule yamefungwa. Lile kubwa la Miike lilifungwa mwaka 1997, nalo ndilo lililopasuka tarehe 9 Novemba 1963, watu 458 wakakufa. Wewe unayesoma gazeti hili ndani ya kampu ya wafanyakazi, huna lazima ya kufasiriwa. Makaa yamekwisha kutoka, lakini wimbo wanaucheza mpaka leo, hata watoto ambao hawajaona nyundo ya muchimbaji.

Tankō Bushi unaisha na «shi». Tuanzie hapo. Anayefwata anaweza kuimba Shiretoko Ryojō, wimbo wa safari ku pembe ya kaskazini ya inchi. Huo unaisha na «u». Wa tatu anashika Ue o Muite Arukō, ule wa Sakamoto Kyū, uliokuwa wa kwanza ku Marekani mwaka 1963. (Kule waliuita Sukiyaki, jina la chakula cha nyama ambacho hakimo hata kidogo ndani ya wimbo. Katika muchezo, jina la Kijapani tu njo linahesabiwa.)

Sasa sheria inayochekesha na kuliza. Wajapani wanaandika kwa silabi: ka, ki, ku, ke, ko, kama vile sisi tulivyosoma ba, be, bi, bo, bu ku shule ya musingi. Herufi moja tu inasimama peke yake pasipo vokali, ni «n», na hakuna neno la Kijapani la kawaida linaloanza nayo. Kwa hiyo ukiimba wimbo unaoisha na «n», umefunga njia na umeshindwa wewe mwenyewe. Hata jina la inchi yao, Nippon, linaangusha mutu!

Hapo unaona namna wimbo muzuri unavyoweza kuwa shimo. Oyoge! Taiyaki-kun ulitoka mwaka 1975, na hakuna disiki ya wimbo mumoja iliyouzishwa kupita ule ku Japani: zaidi ya milioni 4. Ni habari ya keki yenye umbo la samaki, iliyochoka kuchomwa kila siku, ikakimbilia baharini. Mutoto gani hataki kuuimba? Lakini sikia mwisho wake: kun. Mutoto ameshika mikro kwa furaha, ameimba vizuri, na wakubwa wanamwambia: umetoka. Kwetu sisi tunaona heri wazazi wamupe nafasi ya pili.

Mutego mwingine ni «ru». Maneno ya asili ya Kijapani hayaanzi na r. Yale yanayoanza hivyo mengi yaliingia kutoka ku lugha zingine. Lakini yanayoisha na «ru» ni mengi sana. Basi wajanja wanakusanya nyimbo zinazoisha na «ru» ili kumufunga anayewafwata. Mwenye kujua atajiokoa na Rubī no Yubiwa, wimbo wa pete wa mwaka 1981. Asiyefikiri mbele atashika Rūju no Dengon, ambao vijana wanaujua sababu ya filme ya katuni ya mwaka 1989 ya Miyazaki Hayao. Unaanza vizuri na «ru»... na unaisha na «n». Ametoka ku moto akaingia ku makaa.

Mpaka hapa unafikiri kwamba kuchagua wimbo ni kujiokoa wewe tu. Sisi tunaona jambo lingine, na ndiyo sababu tumeandika ukurasa huu.

Tuseme mama wa nyumba ameimba Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki, unaoisha na «ki». Zamu ya baba. Wimbo wake wa moyoni ni Kitaguni no Haru, wa mutu aliyeacha kijiji chake na kuwaza namna majira mazuri yanavyorudia kule. Ameuimba tangu mwaka 1977, wakati ulipotoka. Unaanza na «ki», hakuna neno. Lakini haru inaisha na «ru», na nani anaikaa pembeni yake? Mama yake mwenyewe, muzee wa miaka 80 na zaidi, ambaye nyimbo zake ni zile za shule na za zamani. Atapewa «ru», atatafuta, watoto watahesabu mpaka kumi, atacheka kidogo na kuweka mikro chini. Kisha atabaki pale, akiangalia wengine wanavyoimba mpaka saa ya kurudi.

Baba yule ana njia ingine. Kimi to Itsumademo, wa mwaka 1965, unaanza vilevile na «ki». Unaisha na «mo». Na «mo», kwa mutu wa umri ule, ni Momiji, wimbo wa majani mekundu uliofundishwa ku shule tangu mwaka 1911. Kambo hatafungua hata kitabu cha orodha. Wajukuu nao wanaujua, sababu walifundishwa ule ule. Kitaguni no Haru utangoje siku kijana mujanja atakapoikaa pembeni. Yeye apewe «ru» yake, ana meno ya kuitafuna.

Basi, ukitaka kuucheza, usitengeneze tu orodha ya nyimbo unazozijua. Kwa kila wimbo, andika silabi inayoacha, na angalia nani atakuja nyuma yako. Nyimbo za shule njo akiba: Umi unaacha «mi», na mwenye umri atashika Mikan no Hana Saku Oka wa mwaka 1946; anayepewa «wa» ana Ware wa Umi no Ko. Tena musikilizane mbele ya kuanza. Arukō inaandikwa a-ru-ko-u: mutafwata maandiko, «u», ao sauti, «o»? Na silabi nzito inaweza kuwa nyepesi, «bo» ikawa «ho»? Wengi wanakubali. Pasipo masikilizano haya, magomvi yataanza mbele ya wimbo wa tano.

Ule wa «bo» unatokea sana, sababu ya Akatombo, kereng'ende mwekundu. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1921 na Miki Rofū, alipokuwa mwalimu ku monasteri ya Watrapisti katika Hokkaidō. Mwaka uliofwata akabatizwa. Ni mutu mukubwa anayekumbuka yaya aliyemubeba mugongoni. Kambo akipewa kufungua muzunguko, mara mingi atataka huo. Anayefwata ataachiwa «bo», atageuza kuwa «ho», na wimbo wa kwanza utakaomujia ni Hotaru no Hikari. Sauti yake unaijua: ni ile ya Ce n'est qu'un au revoir, tunayoimba na maskuti tukishikana mikono. Ku Japani wanaiimba siku wanafunzi wanapomaliza shule, na maduka yanaipiga magaribi yakitaka kufunga. Ikisikika tu ndani ya chumba cha karaoke, kila mutu anaanza kutafuta viatu vyake.