Lenzi ya Bei Nafuu na Lenzi ya Ghali: Ukali wa Picha Hutoka Wapi?

Mwezi mmoja kabla ya harusi ya jamaa zetu mjini Migori, binti wa kaka yangu alinijia nyumbani baada ya Alasiri, mkononi ameshika kifurushi cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na bangili mbili za dhahabu alizoachiwa na marehemu nyanya yake. "Shangazi," akasema, "nataka unisindikize kwa sonara. Nimeazimia kuziuza ninunue lenzi."

Binti huyu hupiga picha katika harusi za wanawake hapa Mombasa, kwenye kumbi ambazo mpiga picha mwanamume hatii mguu. Ni kazi ya amana, kwa kuwa bibi harusi huvua buibui mbele ya kamera akijua kwamba picha zile hazitazagaa. Lakini siku za karibuni mteja mmoja alimrudishia albamu akilalamika kwamba nyuso zimefifia, hazina makali. Tangu hapo binti akaamini kwamba fedheha ile ilitoka kwenye lenzi yake ya bei nafuu, na kwamba hatapata tena heshima ya kazi mpaka ashike lenzi kubwa kama za wapiga picha wa Nairobi.

Nilimwomba subira. Bangili zikishayeyushwa hazirudi, nikamwambia, ilhali lenzi hukodishwa. Tukakubaliana akodi Nairobi, kwa siku 3, lenzi ileile aliyoitamani, twende nayo harusini, na huko tuzipambanishe lenzi mbili hizo kwa haki: kamera moja, mahali pamoja, mwanga mmoja.

Lenzi mbili na tofauti zake

Zote mbili zilikuwa lenzi za kuvuta, yaani zile zinazoleta cha mbali karibu bila mpiga picha kusogea. Ile ya binti huvuta kutoka milimita 75 hadi 300 na uzito wake haufiki nusu kilo. Ile ya kukodi huvuta kutoka milimita 70 hadi 200, ina uzito wa kama kilo moja na nusu, na bei yake mpya ingetosha kununua takriban kumi za mwenzake.

Msomaji atauliza fedha hizo zote huenda wapi. Sehemu kubwa huenda kwenye ukubwa wa vioo. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba: namba ndogo kama f/2.8 ni tundu kubwa, na namba kubwa kama f/16 ni tundu dogo. Ili lenzi ya milimita 200 iwe na tundu la f/2.8, kipenyo chake lazima kiwe kama milimita 71. Lenzi ya binti, ikivuta hapohapo, hufunguka hadi f/5 tu, na kwa hiyo milimita 40 humtosha. Tena kioo cha kawaida hutawanya rangi za mwanga kama ufanyavyo upinde wa mvua, na mtawanyiko huo huacha ukingo wa zambarau kwenye mistari ya picha. Lenzi ya ghali huwekewa vioo maalumu vya kuzuia jambo hilo, pamoja na vingine vilivyochongwa kwa umbo gumu ili pembe za picha zisilegee.

Habari ya tundu na makali si ngeni kwa wataalamu wa kale. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri zaidi ya miaka 1000 iliyopita, alichunguza sura ya jua lililopatwa ikipita kwenye tundu na kuangukia ukutani. Aliona kwamba umbo la hilali hudhihirika tundu likiwa dogo, na hupotea tundu likiwa kubwa. Mpiga picha wa leo, kila anapofungua tundu apate mwanga au kulibana apate makali, yumo katika mizani hiyohiyo.

Mbele ya kuta za Thimlich Ohinga

Siku moja kabla ya harusi tulikwenda Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Ni boma la kale lililozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nazo zimesimama kwa karne kadhaa. Mwaka 2018 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Anayetaka kupima makali ya lenzi hapati darasa bora kuliko ukuta kama ule, kwani umetandaa kutoka pembe hadi pembe ya picha, na kila jiwe lina ufa wake, kuvu lake na kivuli chake.

Tuliweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, tukavuta hadi milimita 200, tukatumia kipima muda ili mkono usitikise kitu. Kisha tukapiga kwa kila lenzi, kwanza tundu likiwa wazi kabisa, halafu kwa f/8, halafu kwa f/22.

Tundu likiwa wazi, lenzi ya ghali iliibuka mshindi bila ubishi. Katikati ya picha mawe yake yalikuwa na makali ya kisu. Mawe ya lenzi nafuu yalikuwa laini kidogo, na kwenye pembe nyufa zilififia kama maandishi ya wino yaliyoloa maji, zikiwa na ukingo wa zambarau palipokutana jiwe na anga.

Tulipofika f/8, hali ikabadilika. Katikati ya picha nilishindwa kabisa kusema ipi ni ipi, na binti mwenyewe alikosea mara mbili nilipomficha majina. Pembeni tofauti ilibaki, ila ilihitaji kukuzwa sana ndipo ionekane. Kwa f/22 zote mbili zililegea kwa pamoja, kwa sababu mwanga ukipenya tundu dogo mno hutawanyika, na sheria hiyo haijali bei. Mwisho tuliivuta ile nafuu hadi milimita 300, na hapo ndipo udhaifu wake ulipofichuka, kwani picha nzima ilikuwa laini. Lenzi nyingi za aina hiyo huchoka zinapovutwa hadi kikomo.

Ziwani, ambako hewa ndiyo hakimu

Siku hiyohiyo tulipitia Rongo, tukateremka hadi Homa Bay, na kutoka hapo tukaelekea Kendu Bay, mji wa kando ya Ziwa Victoria wenye jamii ya Waislamu ya tangu zamani. Karibu na mji huo lipo Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililomo ndani ya kreta, ambako heroe huja kula. Tulifika adhuhuri jua likiwa kali, tukapiga ndege waliosimama ng'ambo ya maji kwa lenzi zote mbili.

Picha zote zilikuwa mbovu. Manyoya yalionekana kama yanatetemeka, na lenzi ya ghali haikuwa na la kujitetea. Joto lililopanda kutoka majini lilikuwa limeivuruga hewa iliyokuwa kati yetu na ndege, na hakuna kioo kinachorekebisha hewa. Anayekwenda Ruma, ile mbuga ya bonde la Lambwe ambayo ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, atakutana na jambo hilihili akimvizia mnyama huyo wa mbali saa sita mchana. Alfajiri na kusogea karibu ni dawa isiyouzwa dukani.

Ukumbini, jawabu lilipopatikana

Usiku wa harusi ndio uliokuwa mtihani wenyewe. Taa za ukumbi wa wanawake zilikuwa chache na za rangi ya manjano. Binti alianza na lenzi yake, ISO ikiwa 3200. Kwa kuwa tundu halikuzidi f/5, shata ilibidi ikae wazi kwa sehemu 1 ya 60 ya sekunde. Bibi harusi akigeuza shingo, uso unavutika. Akitulia, mkono wa mpiga picha unatikisika, maana kanuni ya wazee wa fani ni kwamba ukivuta hadi milimita 200, shata isipungue sehemu 1 ya 200.

Alipobadilisha lenzi na kufungua hadi f/2.8, mwanga ulioingia ulikuwa zaidi ya mara 3, na shata ikafika sehemu 1 ya 200. Hina ya mikononi ikaonekana ua kwa ua. Nyuma ya bibi harusi palitundikwa leso kama pambo, nasi tukaweza kusoma jina lake herufi kwa herufi.

Tuliporudi chumbani aliifungua ile albamu iliyorudishwa, safari hii kwenye kompyuta, ambako kila picha huhifadhi kumbukumbu ya namna ilivyopigwa. Karibu zote zilizolalamikiwa zilikuwa za sehemu 1 ya 30 ya sekunde, kwa kuvuta, bila stendi. Binti alikaa kimya kwa muda. "Kumbe haikuwa kioo, Shangazi," akasema. "Ilikuwa giza, na mkono wangu." Picha za mchana za harusi ileile, zilizopigwa uani kwa f/8, hazikuwa na kasoro yoyote.

Kabla hujatoa fedha

Ndugu msomaji, iwapo una kijana nyumbani anayetamani lenzi ya ghali, mpe kwanza kazi ya kuipima aliyo nayo. Abandike ukurasa wa gazeti kwenye ukuta wenye mwanga mzuri, asimamishe kamera imara na sambamba na ukuta, apige kwa kila tundu, kisha akuze picha na kulinganisha katikati na pembe. Akiona upande mmoja ni mlegevu kuliko mwingine, huenda vioo vimekaa upande, na hilo hutokea hata kwa lenzi za bei kubwa.

Mwulize pia picha zake zitatazamwa wapi. Picha ya albamu ya inchi 6 kwa 4, ikichapwa kwa ubora kamili, huhitaji nukta zinazokaribia milioni 2 tu, ilhali kamera nyingi za leo zina milioni 20 na zaidi. Picha inayotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa njiani. Tofauti tuliyoiona kwenye pembe za ukuta wa Thimlich Ohinga haitafika kwa mtazamaji wa simu. Mwenye kuchapa mabango makubwa, au kupiga gizani kila wiki, huyo ana hoja nyingine.

Nasi watu wa pwani tuna adui wetu wa pekee. Unyevu wa hewa yetu huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu hilo hula makali ya lenzi ghali kama linavyokula ya nafuu. Anayenunua iliyotumika aimulike kwa tochi kutoka upande wa nyuma, atafute nyuzinyuzi kama za buibui. Na aliye na lenzi asiifungie kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Aiweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vifuko vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Binti yetu hakwenda kwa sonara. Alitumia akiba yake kununua lenzi ndogo isiyovuta, ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, mojawapo ya lenzi za bei ya chini kabisa sokoni. Huingiza mwanga zaidi ya mara 2 ya ile ya f/2.8, na makali yake hayana mzaha. Haivuti, ni kweli, lakini yeye ni mwanamke ndani ya ukumbi wa wanawake. Akitaka uso wa bibi harusi uwe karibu, hupiga hatua tatu mbele, na hakuna anayemzuia. Harusi kubwa ikitokea, hukodi ile nyingine na kuiingiza kwenye hesabu ya mteja.

Yule mteja wa albamu alikuwa na mdogo wake aliyeolewa baadaye. Binti alikwenda mwenyewe nyumbani kwao, akaeleza kosa lilikuwa nini, akaomba apige harusi hiyo bila malipo. Alikubaliwa. Siku hiyo alivaa bangili zote mbili.