Mhadhiri anatafuta nini kwenye kesi ya mkimbizi?

Msikilizaji, Mbajuni aliyekimbia vita Somalia anafika Uingereza bila karatasi yoyote na kuomba hifadhi. Maofisa wanauliza: huyu ni wa Kismayu, au wa Lamu nchini Kenya? Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka, na jibu hilo laweza kuamua kama atabaki au atarudishwa.

Hapo wakili hutafuta mtaalamu, mara nyingi mhadhiri wa chuo kikuu aliyeichunguza jamii hiyo kwa miaka. Huandika ripoti: maisha ya visiwa vya Chula na Koyama, vita viliwafanya nini wenyeji, na kama maelezo ya mwombaji yanalingana na hali hiyo.

Haamui kesi, jaji ndiye huamua. Na hata akilipwa na upande mmoja, wajibu wake ni kwa mahakama.